Nimempa Onyo Mhudumu Aliyeniokoa

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, msimamizi wa mgahawa katika hoteli ya nyota tano, na nisikufiche, najivunia kazi yangu kuliko hata nyumba niliyojenga, maana niliingia pale kuosha vyombo na leo nina wahudumu kumi na sita chini yangu, na wengine niliowafundisha ni wakubwa kwenye hoteli nyingine, lakini tukikutana bado wananyoosha kola. Sifa yetu kubwa ni kwamba kwetu oda haiandikwi. Mhudumu anasimama mezani mikono nyuma, anawasikiliza wageni hata wawe kumi, anakwenda jikoni kumtajia mpishi mkuu kutoka kichwani, kiti kwa kiti, na chakula kinafika bila mtu kuuliza samaki ni wa nani. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, wageni wanarudi kwa ajili yake, na vijana wananiita Kompyuta, jina ambalo najifanya silipendi.

Sasa Shangazi, tangu mwaka uanze kichwa kinanichezea, naingia stoo nasahau nilichofuata, nyumbani namwita binti yangu kwa majina ya dada zake wote mpaka la paka, tunacheka yanaisha, lakini Ijumaa moja mchana ilikuja meza ya wageni kumi na mmoja, nikasema hii naichukua mwenyewe vijana waone kazi inavyofanywa, na mgeni wa kiti cha nne akaniambia wazi kwamba samaki wake asiwe na karanga kabisa, ana mzio, zikimgusa koo linafunga, nikaitikia kwa tabasamu, nikaenda jikoni nikataja oda yote bila kukwama, na nikasema samaki asiye na karanga ni wa kiti cha saba.

Aliyekuwa akimimina maji kwenye meza ile ni mhudumu tunayemwita Kimya, mama wa mtoto mmoja, mpole kupita kiasi. Akanifuata kwenye dirisha la jiko akanong'ona, "Madam, ni kiti cha nne," nikamkazia macho, naye akafungua kiganja. Kimeandikwa kwa kalamu: 4, karanga HAPANA. Mpishi mkuu aliona, akabadilisha sahani.

Wageni wakala wakasifu, jioni meneja akaja kwenye kikao chetu akanisifu mbele ya timu nzima, makofi yakapigwa, na mimi nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Na kesho yake, hapa ndipo naona aibu, nikamwandikia Kimya barua ya onyo kwa kosa la kuandika oda. Nafikiri niliogopa kile kiganja. Ni onyo lake la tatu, mawili ya kwanza ni ya kuchelewa, na kwetu la tatu ni kufukuzwa kazi. Alisaini, akasema, "Sawa, madam," akaenda kupanga glasi. Barua iko kwenye droo yangu, mwisho wa mwezi inatakiwa ofisi ya utumishi. Mume wangu ananiambia ninyamaze, maji yakimwagika hayazoleki, nikisema ukweli jina nililolijenga kwa miaka ishirini na miwili litaisha siku moja. Nifanye nini?

Kompyuta

SHANGAZI ANAJIBU

Kompyuta mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikamsomea jirani, maana kutoka kwenye karai la vyombo hadi kuongoza watu kumi na sita si bahati, ni jasho, na jivunie bila kumwomba mtu radhi. Mara ya pili nilitamani kukufinya.

Kusahau si dhambi. Mimi juzi nimekwenda sokoni nikarudi na kila kitu isipokuwa chumvi niliyoifuata. Nenda kwa daktari wiki hii akupime presha, akuulize usingizi wako, akuambie ukweli. Lakini kumwadhibu mtu kwa sababu amekuona ukisahau, hilo usiusingizie umri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe ulisifiwa ukataka kumwaga mtungi mzima.

Hebu mfikirie huyo mama. Ana maonyo mawili, ana mtoto, anajua kalamu itamponza, na bado ameandika. Ulimfundisha kumjali mgeni, akamjali kuliko alivyokuogopa wewe, na naona kabisa kukuogopa wewe si kazi ndogo! Hiyo ndiyo fahari ya timu yako, na wewe unaitafutia mlango wa kutokea.

Mumeo msalimie, mwambie maji bado yamo ndooni. Chana hiyo barua leo. Mwite Kimya, mwambie "nisamehe", ana kwa ana, wala usijaribu kumlipa kwa zamu nzuri. Ukitoka hapo nenda kwa meneja kabla habari haijamfikia kutoka jikoni, umweleze ya kiti cha nne yote. Atakasirika. Mwache akasirike. Vyakula endeleeni kuvishika kwa kichwa, huo ni ufundi wenu na ni mzuri, lakini mzio wa mgeni uandikwe, kila mara na kila mtu, ukianza wewe.

Unaogopa jina lako litaisha siku moja. Mdogo wangu, lingeisha Ijumaa ile ile, mgeni akiwa sakafuni na wenzake wakipiga kelele. Bado unalo kwa sababu mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wako alithubutu kukusahihisha. Kamwambie hivyo mbele ya wenzake wote, kesho, kabla hamjafungua mlango.

Shangazi