Alama Mbili Begani

Jumatano, 3 Septemba 2008
Mia sabini na nane juu ya mia na nne! Nilidhani mashine imeharibika. Nilienda kliniki kutafuta dawa ya kikohozi tu, nikatoka na presha. Wariara, mwalimu mwenzangu, anasema ni mawazo — eti nipunguze kufoka. Na watoto sitini darasani?

Ijumaa, 5 Septemba
Nimerudi kwa Daktari Khaemba, nikamwambia ni mawazo. Akacheka kwa adabu. Akanichorea kichwa nyuma ya kadi: mishipa miwili inapanda nyuma ya shingo kulisha sehemu ya chini ya ubongo. Kuna watu wamezaliwa nayo ikiwa myembamba. Wataalamu wengine wanafikiri ubongo ukihisi damu haifiki vizuri, unauamuru moyo usukume kwa nguvu zaidi. Bado wanachunguza, akasema. Mimi nimeelewa haraka. Ni kama sisi wa orofa ya tatu hapa mtaa wa Section 58: maji yasipopanda, tunapiga kelele hadi pampu iwashwe.

Halafu akauliza kuhusu ukoo. Mama alianguka shambani Keringet akiwa na miaka hamsini. Mdomo ulipinda, hakuongea tena. Mimi nina arobaini na saba. Ndugu? Nikasema ninaye pacha, tunafanana hadi baba alikuwa akituchanganya. Kalamu ikasimama.

"Huyo pacha umlete, Mwalimu. Na hizi alama mbili za chanjo begani ni za nini?"

Nikasema sijui. Uongo.

Jumapili, 7 Septemba
Nimempigia Jepleting, pacha wangu. "Si umepimwa wewe? Basi nimepimwa. Andika hizo hizo!"

Kosa ni langu. Darasa la pili, siku ya chanjo, alilia hadi akatapika. Nikapanga laini mara mbili, mara ya pili nikiwa na sweta yake. Tangu hapo, cha kuuma ni changu.

Anasema kichwa kinamgonga kila asubuhi. Naogopa. Naogopa sana.

Alhamisi, 18 Septemba
Mia arobaini na mbili juu ya tisini! Vidonge vinafanya kazi. Sukuma wiki bila chumvi ni adhabu, lakini nakula. Mama hakupata hata kidonge kimoja.

Nilimwuliza Khaemba kama naweza kumgawia Jepleting dawa zangu, maana damu ni moja. Hapana! Mlichorithi ni kimoja, akasema, lakini figo zake, chumvi yake na maisha yake ni vyake. Apimwe mwenyewe.

Nimempigia tena, nikamsomea namba zangu mpya. Akauliza: "Hakuna sindano?"

Hakuna. Ni mkanda tu wa kubana mkono.

"Uapie Mama."

Nimeapa.

Jumamosi, 27 Septemba
Amekuja! Na gunia la viazi, kama kawaida yake. Lakini kwenye ngazi alisimama mara mbili akishika kichwa.

Mlangoni mwa kliniki akavua kitambaa chake cha kichwa, akanipa. "Vaa, Chepkurui. Ingia wewe, kama zamani." Nikakitia mkobani. Tukaingia wote wawili.

Khaemba akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Haya. Jepleting ni nani?"

Karibu miaka arobaini nimejibu mimi. Leo nikaangalia viatu vyangu. Nilitaka kujibu, nusura nijibu. Nje mtu alikuwa anakohoa.

"Ni mimi."

Sauti ndogo, ile ile ya darasa la pili. Akapandisha mkono wa sweta. Bega safi, halina alama. Khaemba akaliangalia, akaniangalia mimi, akatabasamu tu.

Daktari amenifukuza hadi kiti cha pembeni, eti namwongezea Jepleting presha. Ndipo ninapoandikia haya. Mkanda unajaa. Jepleting amefumba macho yote mawili, ananiuliza sindano iko wapi. Hakuna, namwambia.

Amefungua jicho moja.