Mawese Si Kofia

Mbugani, Kyela
11 Machi 1996

Mpendwa Kaka Mika,

Salamu nyingi zikufikie huko Matema, wewe na wifi Elizabeth. Mvua imetufungia ndani, lakini tu wazima. Nimejifungua salama mtoto wa kiume, na ananyonya vizuri. Je, wewe hujambo? Na kile kidonda cha sikioni?

Ndaga, asante sana, kwa samaki, ule usipa ulionitumia. Ezra aliyeniletea mzigo ameniambia siku hizi unaanika usipa mchangani kichwa wazi, eti ulisikia mnadani kwamba wekundu wa mawese hulinda ngozi. Kila asubuhi unakunywa kijiko, mengine unajipaka shingoni hadi unang'aa kama andazi. Nilicheka, kisha nikakasirika.

Nilipompeleka mtoto kliniki nikamuuliza daktari. Hakukucheka. Alisema wekundu wa mawese na papai, hata ukijani wa majani ya maboga, una vitu vinavyousaidia mwili kupambana na madhara ya jua, kwa hiyo ule. Lakini msaada huo ni mdogo, na ngozi iliyozaliwa bila weusi wake haiwezi kuutegemea. Inataka kofia, mikono mirefu na kivuli. Kujipaka hakuzuii jua. Kidonda kisichopona, alisema, huenda ni saratani. Kikiwahiwa kinakatwa, mtu anarudi kwake. Kikiachwa kinaua.

Najua utasema ngozi ni yako na unaijua. Sawa, kaka, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Shamsa, yule mama wa duka la mitumba, amekuwekea kofia pana kama ungo. Utachekwa ufukweni, wacha wacheke. Njoo Jumatatu ijayo twende wote hospitali.

Kuna jambo sikumwambia Ezra, na mtoto nilimfunika asimwone. Mwanangu ana ngozi kama yako, na nywele kama zako. Mama mkwe alimtazama, akatoka nje. Edwin, baba yake, alimpakata akasema huyu ni wetu. Mimi nililia, sikufichi. Sikumlilia yeye, nililikumbuka sikio lako.

Tangu nizaliwe sijamwona mzee mwenye ngozi hiyo, si Kyela, si Matema. Nataka mwanangu amwone mmoja, naye awe mjomba wake.

Nisalimie majirani wote, na umwambie wifi asikuache ukaahirisha. Mungu awatunze.

Mdogo wako akupendaye,
Tusekile