Mkate wa Katikati

11 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kwanza naomba radhi. Barua yako imekaa juu ya kabati tangu mvua zianze, na kila nikishika kalamu mwanangu ananishika mguu. Anaota meno. Usiku analia, mchana analala mgongoni kwangu na mimi nakanda unga naye. Usidhani ni kiburi, ni uchovu tu. Tu wazima. Shemeji yako bado yuko kambini wanakojenga barabara, anasema anakula vizuri, ingawa sauti yake kwenye simu imekonda. Wewe je, miguu bado inavimba ukisuka nywele za watu kutwa?

Oveni uliyoninunulia inafanya kazi. Trei inabeba mikate kumi, na siku nzuri natoa trei tatu. Umeuliza mbona faida haipandi. Sikufichi: katika kila trei, mkate mmoja naupeleka kanisani. Ni fungu la kumi. Zamani nilitoa nikikumbuka. Mwezi mnono natoa, mwezi mkavu nakwepa macho ya mchungaji. Sasa nimeamua, kila trei, iuzwe isiuzwe. Mtunza kanisa anaupokea, na anajua nyumba zipi hazina cha kupika.

Usikasirike. Ni mimi,
Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Miguu inavimba, asante, na sasa kichwa nacho. Nimesuka mpaka vidole vikapasuka, nikakununulia oveni ili ujitegemee, siyo ili umlishe Mungu! Ana njaa tangu lini? Mume wangu alipokuwa kitandani niliomba mpaka magoti yakaota sugu, na nilizika vilevile. Tangu hapo mimi na Yeye tunasalimiana kwa mbali.

Tena nikuulize. Unampa mkate gani? Oveni ile naijua, nilimsimamia fundi akiiunga. Mlango unavujisha joto, na mikate ya pembeni inatoka myeupe kama uso wa mgonjwa. Naapa hiyo ndiyo ya Mungu wako. Ya katikati ni ya wateja.

Jirani yangu anaitaka oveni, na yeye hana dini ya kugawa mikate. Chagua: uache hilo fungu, ama mwisho wa mwezi ujao nije na gari niichukue. Mtoto umbusu.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo, hata kama umenuna. Mtoto nimembusu, akaning'ata.

Barua yako niliisoma nimesimama, oveni ikiwa wazi. Nikatazama. Dada, una ulimi lakini una macho pia. Mkate niliokuwa nimeshaufunga kwa ajili ya kanisa ulikuwa wa pembeni. Sikukusudia. Mkono ulikuwa unakwenda huko wenyewe. Nikaurudisha, nikachomoa wa katikati, ulioiva mwekundu na kupasuka kidogo juu, ule mwenye mkahawa anaougombea kila siku. Huo ndio nikaufunga.

Nikuambie kinachonitisha, kwa kutisha kuzuri. Jioni nakanda unga, naufunika, nalala. Tena nakoroma, muulize shemeji yako. Alfajiri nafunua kitambaa, unga umejaa beseni, unapumua, ukiubonyeza unarudi juu kama shavu la mtoto. Nani aliuinua? Mimi nilikuwa nimelala mdomo wazi. Kila siku nasimama pale kama mtu aliyeingia chumbani na mwenye chumba ametoka sasa hivi tu. Utasema ni hamira. Hamira naijua, naiweka mwenyewe. Nisichokijua ni nani aliyeijalia kufanya vile. Baada ya hapo nitasemaje kwamba mikate yote kumi ni yangu?

Basi. Oveni ni yako, na ukija nitakusaidia kuinua upande mmoja. Ikiondoka, kazi yangu imeondoka, najua. Nitafua nguo za watu, na humo nako nitatoa. Fungu siliachi, dada yangu. Ila uje mwenyewe, usimtume dereva peke yake. Ulale kwangu, alfajiri tufunue pamoja.

Mdogo wako akupendaye


30 Juni

Mdogo wangu,

Habari za tangu tulipoagana? Nilifika salama. Sikuandika upesi kwa sababu nilikosa maneno, na mimi kukosa maneno unajua ni ugonjwa.

Nilikuja kuchukua oveni, nikarudi na unga kwenye nywele na gari tupu. Dereva bado ananicheka: "Mama, kumbe tulikwenda kupakia hewa?" Jirani amenuna. Anune.

Uliponifunulia ule unga nilikuwa na kejeli yangu tayari mdomoni. Ikaniishia. Lakini aliyenishinda kabisa ni wewe. Mwenye mkahawa amesimama mlangoni anataka trei nzima, mtoto analia, chai inachemka inamwagika, na wewe ukachomoa ule wa katikati, ukaufunga, ukauweka kando. Hukunitazama. Hukufumba macho. Ulifanya kama mtu anavyofuta jasho. Jamaa akafoka, "Huo ndio wangu!" Ukamwambia, "Huo una mwenyewe, baba. Chukua hii tisa." Ukaenda kumnyamazisha mtoto.

Nilidhani imani ni kelele. Mimi ni msusi, mkono uliozoea kitu naujua, haudanganyi. Mkono wako ulikuwa unampa mtu aliyemo ndani ya chumba. Niligeuka kutazama nyuma yangu, ucheke ukitaka.

Oveni ibaki. Usinipigie vigelegele, bado tunasalimiana kwa mbali, ila nimesogea hatua. Sasa niambie, maana kumuuliza mchungaji naona haya: msusi anatoaje fungu la kumi? Siwezi kupeleka msuko kanisani. Na useme unachohitaji, dereva anakuja huko tena.

Dada yako


9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka mtoto akainyang'anya na kuilamba. Dada, ule mkono unaousimulia mimi siujui. Asubuhi ile nilikuwa nawaza chai inamwagika. Kumbe kuna kitu kimekaa ndani yangu bila hodi, hata mimi mwenye nyumba sikukiona kikiingia! Nimeitazama mikono yangu jioni nzima, na kucha zake za unga, kama ya mgeni.

Swali lako ni jepesi. Katika kila vichwa kumi, kimoja usuke bure. Kisiwe cha mwisho jioni, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kiwe cha asubuhi, na mtindo wako mzuri. Awe mtu asiye na cha kulipa, na usimhubirie. Halafu wiki inayofuata tena, na inayofuata, hata siku uliyoamka umemkasirikia Mungu. Usingoje moyo uwe tayari, utangoja sana. Mkono utangulie, moyo utakuja nyuma kwa miguu.

Vitu ninavyohitaji ni hivi: hamira makopo mawili makubwa, ndoo ndogo moja ya siagi ya kupaka trei, glavu nene za kutolea trei, maana kiganja cha kulia nimeungua, bunda moja la karatasi za kufungia, dawa ya kupaka fizi za mtoto, suruali zake mbili, ametoboa zote magotini kwa kutambaa, na habari za kichwa cha kwanza, kilikuwa cha nani, ulimsuka mtindo gani, na alipojitazama kwenye kioo alisemaje.

Mdogo wako