Sindano Isiyo na Dawa

Mama yangu,

Juzi nimechomwa sindano isiyo na dawa. Usicheke. Bega la kulia limenisumbua tangu masika, maumivu yanapanda hadi kichwani, charahani haiendesheki. Nikaenda hospitali hapa Sumbawanga, kwa mtaalamu wa viungo. Akapapasa, akabonyeza mahali, nikapiga yowe.

"Hapa msuli umefunga fundo," akasema. Akachomeka sindano nyembamba, nami nikangoja asukume dawa.

"Dawa bado?"

"Haina dawa, mama. Sindano yenyewe ndiyo inalegeza fundo."

Mara msuli ukaruka wenyewe, maumivu yakapiga hadi nyuma ya jicho. Jicho lile lile ambalo wewe, likikuuma, ulikuwa ukilifunga kwa kanga!

Nikakumbuka kidonge chako, lile fundo la begani. Ulilala kifudifudi mkekani, ukaniambia, "Nikanyage hapa, mwanangu," nami nikakitafuta kwa kisigino. Kilianza kesho yake baada ya kwenda kumlimia shangazi. Wanawake mlishinda mkifukia majani kwenye matuta, kisha akawapa pombe yake ya ulezi. Wewe ukasema, "Wifi kanitupia kitu." Hukukanyaga tena kwake. Hata ulipokuwa unatuaga ulinikataza: "Usile kwa yule."

Sasa sijui nishike lipi. Mtaalamu anasema ni kazi tu, jembe kwako, charahani kwangu. Nikimwamini yeye, basi ulimnunia mtu bure hadi kaburini. Nikikuamini wewe, mbona mimi sijawahi kula kwa shangazi na kidonge ninacho? Nakukasirikia, mama, halafu naona haya, halafu nakulilia.

Jumapili nilipanda pikipiki hadi kwake. Nilipomwamkia shikamoo aliitika polepole, akaniwekea kiti uani. Ugali ulikuwa jikoni lakini hakunikaribisha. Anajua ulivyosema. Alipoinama kuokota kikombe akaguna, akashika bega. Nikainuka, nikabonyeza pale ulipokuwa ukinionyesha wewe. Akapiga yowe kama langu.

Anacho kidonge, mama. Pale pale. Haya niambie, yeye alitupiwa na nani?

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu enzi za mama yako. Ningemwambia nani?"

Nikaomba maji ya kunawa. Tukala ugali wa ulezi na dagaa wa Kasanga, tonge langu la kwanza nikalimega dogo, kwa woga au kwa haya, sielewi. Yeye alikuwa ananitazama tu nikimeza.

Lala salama, na usininunie na mimi.

Binti yako