Gari Lisilosimama Bondeni

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla shemeji zangu hawajanimaliza kwa maneno, maana nasikia ukurasa huu unawasikiliza hata wale ambao wameshahukumiwa na kila mtu, na mimi nimehukumiwa, mke wangu amehama nyumbani, na kosa langu ni kwamba sipendi kuchezea mafuta.

Mimi ni fundi wa majokofu, nazunguka na gari langu dogo nyumba hadi nyumba. Zamani niliendesha kama watu wote, kisha ukaja ule mwaka wa uhaba wa mafuta, vituo vikafungwa, watu wakashinda kwenye foleni na madumu yao, na mtaani kwetu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado natembea, kwa sababu nilikuwa nimejifunza mguu mwepesi, sikanyagi ghafla, sifungi breki ovyo, upepo wa matairi naukagua mwenyewe kila asubuhi, na mke wangu akawa anawaambia majirani, "Mume wangu huyu ana akili za ziada," na nakuapia, mshauri, sijawahi kusifiwa hivyo tangu nizaliwe. Hapo ndipo nilipoamua kwamba tangi moja lazima linifikishe mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Nikatoa tairi la akiba na jeki, uzito wa bure ule. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikatandika godoro jembamba, anayetaka kukaa akae. Kiyoyozi nikakisahau, na madirisha nikayafunga kwa sababu upepo ukiingia unalirudisha gari nyuma, tukazoea jasho. Madereva wa teksi pale kituoni wakaniita Mzee Tone, walidhani wananitania kumbe mimi jina nimelipenda, na yule dada wa pampu kila akiniona hushika kiuno, "He, Mzee Tone, leo umepotea njia?"

Sasa kuhusu bonde. Mke wangu ni fundi cherehani, duka lake liko bondeni kabisa, katikati ya vilima viwili, na nyumbani kwetu ni juu ya kilima cha ng'ambo. Anayejua gari ataelewa, ukizima injini kule juu ukaliachia lishuke lenyewe, ule mwendo unakupandisha karibu nusu ya kilima cha pili bila kutumia hata tone, lakini ukisimama bondeni umeua kila kitu. Kwa hiyo tulikubaliana, na nasisitiza tulikubaliana, kwamba jioni nikishuka napunguza kidogo, yeye anasimama ukingoni na mfuko wake wa vitambaa, namfungulia mlango, anakimbia sambamba na gari, anarukia ndani. Mwanzoni alikuwa anacheka. Tulikuwa hodari, watu walikuwa wanatoka madukani kututazama. Baadaye akaacha kucheka, lakini hakusema kitu, na mimi siyo mtabiri.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa ametoka kliniki kwa ajili ya goti lake, akaenda dukani kwa binti yake ili niwachukue wote wawili. Mke wangu alikuwa amenipigia simu mchana kunieleza, nikamwambia sawa. Basi jioni natokea kwenye mteremko injini nimeizima, gari limekolea mwendo vizuri kuliko siku zote, namwona mama mkwe amesimama ukingoni na fimbo yake, na mke wangu nyuma yake ananipungia mikono yote miwili nisimame. Nikafungua mlango. Nikapunguza, tena nilimpunguzia mama kuliko ninavyompunguzia mke wangu, Mungu ni shahidi, nikamwambia, "Mama, shikilia mlango, tembea nao, usiogope!" Mama wa watu akashika. Akatembea nao kidogo, kisha goti likakataa, akaanguka kifudifudi kwenye lami.

Wanasema nilikimbia. Sikukimbia! Nilisimama, ila nilisimama kule juu, pale gari lilipoishiwa mwendo lenyewe, nikavuta breki ya mkono, nikateremka mpaka bondeni kwa miguu. Nilipofika, muuza mbao wa jirani alikuwa ameshawapakia kwenye pikapu yake na kuwapeleka hospitali, na pale barabarani ilikuwa imebaki fimbo tu.

Mguu wa mama mkwe umefungwa plasta. Kukawa na kikao cha familia, nikaeleza vizuri kabisa habari ya mwendo na kilima, kaka yake mke wangu akainuka akatoka nje kabla sijamaliza. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, "Niambie, mume wangu, siku ile tangi lilikuwa na mafuta?" Nikamjibu ukweli, lilikuwa limejaa, nilijaza asubuhi ile ile. Akaenda kukusanya nguo zake.

Sasa anakaa kwa kaka yake, lakini dukani bado anakwenda. Kila jioni napita pale bondeni, napunguza, nampungia mkono, mlango naufungua kabisa aone nafasi yake ipo, na yeye hainui hata macho kutoka kwenye cherehani. Nitakuwa mkweli, tangu ahame tangi linakwenda mbali kuliko wakati wowote, rekodi yangu nimeivunja mwenyewe, ila nikifika nyumbani sina wa kumwambia. Nifanye nini arudi, na nimweleweshe vipi kuhusu kile kilima?

Ni mimi, Nisiyeeleweka.

MSHAURI ANAJIBU

Nisiyeeleweka, umeeleweka. Umeeleweka mpaka nimelazimika kuinuka nikanywe maji kabla ya kukujibu.

Nikupe kwanza haki yako. Mguu mwepesi ni jambo jema, upepo wa matairi ni jambo jema, na mtu anayebana mafuta kwa bei za siku hizi simcheki. Hata ule mwaka wa uhaba nimeuelewa. Ulisifiwa na mke wako, ukaonja utamu, na nadhani tangu hapo umekuwa ukiendesha kuitafuta sifa ile ile. Sasa niambie, baba, aliyekusifu ni nani kama siyo huyo huyo uliyemkimbiza barabarani na mfuko wa vitambaa mkononi?

Unasema mlikubaliana. Mlikubaliana wapi? Mwanamke aliacha kucheka, wewe ukaona, ukaandika kwa mkono wako kwamba uliona, na kesho yake ukamfungulia mlango gari likitembea. Halafu mama mkwe ulijua yupo, ulijua goti lake, ulipigiwa simu. Na kuzima injini mteremkoni siyo ufundi. Breki inakuwa ngumu, usukani unakaza, na siku yoyote ungeweza kumgonga mtu aliyekuwa anavuka kwenda zake. Shukuru ni plasta tu.

Unaniuliza umweleweshe vipi kuhusu kilima. Usimweleweshe! Mke wako anakijua kilima hicho kuliko wewe, amekikimbilia kwa miguu yake kila jioni. Anachokijua pia ni kwamba mama yake alikuwa amelala kwenye lami, na mume wake alikuwa anazidi kwenda, tangi limejaa, akingoja gari liishiwe mwendo. Hilo hata mimi sina namna ya kukusaidia kulieleza. Tangi lako linakwenda mbali sasa kwa sababu humbebi mtu, na usitegemee pongezi kutoka kwangu.

Haya, fanya hivi. Leo hii rudisha kiti cha nyuma, rudisha tairi la akiba na jeki. Kesho nenda kwa mama mkwe, kwake kwanza, siyo kwa mkeo. Ile fimbo iliyobaki barabarani hukuniambia kama uliiokota. Kama unayo, mpelekee. Kama uliiacha pale, mnunulie nyingine, na ukae na aibu yako. Mwombe msamaha kwa maneno machache, yasiyo na mwendo wala kilima ndani yake. Akikataa kupanda gari lako siku za kliniki, mkodie teksi ukae naye humo, na madereva wa kituoni wakikuita Mzee Tone mbele yake, nyamaza.

Kisha jioni teremka bondeni na injini ikiwaka. Simama mbele ya duka lake, simama kabisa, shuka, ingia, msalimie kama mtu mwenye adabu, umuulize kama angependa kupelekwa kwa kaka yake. Kwa kaka yake, siyo kwako. Anaweza akakataa. Anaweza asirudi tena kabisa, sitakudanganya, mimi ningekuwa yeye sijui ningefanya nini. Akikataa, mshukuru, toka, na kesho yake usimame tena pale pale. Na kila jioni, awemo asiwemo, kilima hicho ukipande kwa gia ya kwanza, injini ikilia, mtaa mzima usikie.