Kahawa Uliyoitafuna kwa Bibi

Kwako Koku, niliyekaa nawe chumba kimoja Miembeni,

Nimeshika simu mara nyingi nikupigie, hasira inanitangulia. Acha niandike, na wengine wasome wakitaka.

Unakumbuka mwaka wa kwanza? Studio ya chuo ilikuwa moja na wanafunzi tulikuwa wengi, basi ulikuwa unajifunika blanketi chumbani mchana kweupe, unasoma taarifa ya habari ili sauti isirudi na mwangwi. Ulikuwa unatoka humo umelowa jasho, tunacheka mpaka mama mwenye nyumba anagonga ukuta. "Iko siku watatusikia Tanzania nzima," ulisema. Nilidhani na mimi nimo.

Ndiyo maana nilikupeleka kijijini kwetu, Buganguzi. Tulipewa kazi ya kuandaa kipindi kuhusu wajane na ardhi, ukaniomba umhoji bibi yangu. Bibi alikujibu vizuri kwa Kiswahili chake cha taratibu, mpaka ukasema yametosha. Ndipo alipoleta kahawa ya kutafuna, akakumiminia kiganjani. Wewe si mgeni wa kutoka mbali, Koku, umezaliwa Bukoba. Unajua kwetu mtu akikupa kahawa mkononi ukaitafuna mbele yake, umeshakuwa wa nyumbani, na yatakayosemwa hapo yanabaki hapo.

"Sasa nikwambie, mwana wange," alisema. "Mwanangu mkubwa ameuza kibanja, shamba letu la migomba alimozikwa baba yake. Nalia peke yangu. Hata huyu mjukuu wangu sijapata kumwambia."

Kweli, nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Nililia. Wewe ulimshika bibi mkono, na simu yako iko palepale kwenye mkeka, bado inarekodi.

Kipindi kikapendwa, redio moja ya mjini ikakirusha. Nilipokuja juu, ulinijibu bila hata kuona haya: "Sikutaja jina. Maadili nimeyafuata." Ni kweli, jina ulilificha. Na sauti je? Nani pale kwetu asiyeijua sauti ya bibi, aliyeongoza nyimbo kanisani tangu baba yangu hajazaliwa? Baba mkubwa aliisikia akiwa stendi ya Muleba, watu wote wakamgeukia. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa mama yake.

Sasa una kazi Dar. Nakusikia ukisoma habari, unasoma vizuri sana, na inaniuma kwamba bado naipenda sauti yako. Umenisaliti, Koku. Sina neno laini zaidi ya hilo. Mimi nilikuwa mlango tu, ukapita, hukugeuka nyuma.

Bado nasoma uandishi wa habari, ingawa siku nyingine najiuliza kwa nini. Juzi nilikwenda Buganguzi. Bibi hakunigombeza, hajawahi. Alinimiminia kahawa kiganjani kama zamani, tukatafuna. Akaitazama simu yangu. Nikaizima, nikaenda kuiweka nje barazani, nikarudi kukaa karibu naye nimsikilize.

"Mwaka huu mvua imekuja vizuri," akasema.

Tukaongea habari za mvua mpaka nilipoaga.

Sikuombei mabaya huko uliko. Ila ukija Bukoba, usipite kwangu.

Mimi,
aliyekuwa mwenzako wa chumba