Kikombe Nilichomtengea Mama

Shoga, nimeaibika leo, sijui nitamtazama vipi mama.

Si nilimsindikiza kliniki kwa ile homa yake ya ini, aina ya C? Nesi akaniuliza nyumbani tunajikinga vipi. Mimi mbiombio: "Nimemtengea kikombe na sahani, anakula peke yake."

Nesi akacheka. "Binti, umefunga dirisha ukaacha mlango wazi. Kikombe hakiambukizi, wala kula pamoja. Inapita kwenye damu. Wembe je?"

Wembe! Shoga, wembe tunatumia mmoja! Jana tu nimekata kucha zangu kwa huohuo wake.

Nimetolewa damu, nasubiri majibu. Lakini silii kwa hilo.

Mama alimgeukia nesi, si mimi, akauliza taratibu: "Kwa hiyo naruhusiwa kula na wanangu?"